Mfungo wa Maji na Nguvu za Kijana

Kijana mmoja wa mji wetu wa Kalemie, mbebaji wa mizigo huko ufukoni, alianza Kwaresima kwa nia njema kabisa. Aliazimu kufunga siku saba mfululizo, asitie kinywani kitu chochote ila maji. Mchana hubeba magunia ya saruji, kila gunia kilo 50, kutoka mashuani mpaka kwenye magari. Jioni yeye na rafiki zake hunyanyua chuma walichojitengenezea wenyewe: bomba refu, na katika kila ncha yake kopo kubwa lililojazwa saruji. Hakutaka kuacha hata kimoja katika hivyo vitatu: kazi, chuma wala mfungo.

Siku ya kwanza alibeba kama kawaida. Siku ya pili alitukuta njiani, akajisifu: “Mwalimu, mwaona? Bado nanyanyua chuma kile kile!” Siku ya nne alikuwa akipita juu ya ubao wa mashua, gunia begani. Mara macho yakaingia giza, magoti yakalegea, akaanguka. Kifundo cha mguu kikateguka vibaya. Wiki tatu hakufanya kazi. Na walioumia zaidi ni akina nani? Ni mama yake na wadogo zake wawili, maana chakula chao na madaftari yao hutoka katika bega lile.

Ndugu wasomaji, hatuandiki habari hii ili kumcheka. Tulipokwenda kumpa pole, alituuliza swali la mtu mwenye akili: “Mwalimu, nimekosa wapi? Je, kufunga ni kubaya? Au mazoezi ndiyo mabaya?” Tulimjibu kwamba kufunga ni kwema, na mazoezi ni mema, kosa lake ni kuvitwika vyote viwili juu ya mwili mmoja katika siku zile zile. Lakini jibu fupi halitoshi. Vijana wengi wanasikia habari za mfungo wa maji, wengine katika vikundi vya sala, wengine katika simu zao, ambamo wanaahidiwa kwamba mwili utakuwa mgumu kama jiwe. Basi yafaa tulieleze jambo hili tangu mwanzo.

Akiba ya mwili

Wazee husema: akiba haiozi. Mungu aliyeumba mwili aliutilia akiba. Akiba ya kwanza ni sukari, ambayo wataalamu huiita glikojeni. Ini la mtu mzima huhifadhi kadiri ya gramu 100, na misuli huhifadhi zaidi. Ile ya ini yakaribia kwisha baada ya siku moja hivi bila chakula. Na ile ya misuli huliwa upesi na kazi nzito. Tena sukari hiyo hukaa pamoja na maji mengi. Ndiyo sababu mtu akifunga siku mbili huona uzito umeshuka haraka, akafurahi bure, kumbe kilichotoka kwa sehemu kubwa ni maji.

Akiba ya pili ni mafuta. Sukari ikipungua, ini huanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni, nazo ketoni huulisha hata ubongo. Hii ni kazi ya ajabu, na bila hiyo babu zetu wasingaliokoka katika miaka ya njaa. Lakini mafuta hayawezi yote. Sehemu fulani za mwili hudai sukari daima, na mwili huitengeneza kwa kubomoa nyama ya misuli, hasa katika siku za mwanzo.

Hapo ndipo mfungo na vyuma vinapogombana. Kunyanyua vyuma peke yake hakujengi msuli. Kunauchosha na kuuamsha tu. Unaojenga ni mlo wa baadaye, pamoja na usingizi. Fundi asiyeletewa matofali hawezi kujenga, hata akiamka alfajiri. Tena akishurutishwa, atabomoa ukuta wa nyuma ili ainue ukuta wa mbele. Ndagaa, maharage, karanga na mayai ndiyo matofali ya msuli. Anayetaka kuongeza nguvu huku hali kitu amtuma fundi kazini bila matofali.

Nguvu zenye kudanganya

Lakini mtu atauliza: mbona siku ya pili kijana yule alinyanyua chuma kile kile? Swali hili ni zuri, nao wataalamu wamelichungua.

Mwaka 1912, mjini Boston huko Marekani, Mmalta mmoja jina lake Agostino Levanzin alifunga siku 31 kwa maji peke yake, huku mtaalamu Francis Benedict akimpima kila siku. Alipungua zaidi ya kilo 13. Lakini Levanzin hakubeba magunia. Siku zake zilikuwa za kupimwa na kupumzika, na usiku alilala katika chumba cha vipimo. Katika miaka ya 1965 na 1966, Angus Barbieri wa Scotland alikaa siku 382 bila chakula, akashuka kutoka kilo 207 hadi kilo 82. Vijana humtaja sana huyo. Husahau kwamba alikuwa na mafuta mengi kupita kiasi, kwamba madaktari walimwangalia, na kwamba alipewa vitamini na chumvi za mwili. Mbebaji wetu mwembamba hana akiba ya namna hiyo.

Mwaka 2024 ilitangazwa habari ya watu 12 wenye afya waliofunga siku 7 kwa maji tu. Kwa wastani walipungua kilo 5.7, nao hawakupoteza mafuta peke yake, bali na nyama pia. Na mwaka 2025 wataalamu waliopima nguvu za watu waliofunga siku 7 walieleza jambo la kutuzindua: nguvu ya kusukuma mara moja kwa mguu haikupungua, bali uwezo wa kuendelea na kazi kali ulipungua, kwa sababu sukari ya misuli ilikuwa imeliwa.

Basi kijana wetu hakusema uongo siku ile ya pili. Chuma hunyanyuliwa mara chache, kisha mtu hupumzika. Gunia, je? Gunia ni la asubuhi mpaka jioni, juani, juu ya ubao mwembamba. Nguvu ya mara moja ilibaki ikimdanganya, hali nguvu ya kutwa nzima ilikuwa imekwisha kwenda zake. Tena mfungo hutoa chumvi mwilini kwa njia ya mkojo, na jasho huongeza. Hapo damu hushindwa kupanda kichwani upesi mtu anapoinuka na mzigo. Lile giza la macho ndilo hilo.

Maji gani?

Wenye kusifu mfungo wa maji katika nchi za mbali hawaulizi maji yametoka wapi. Sisi wa Kalemie hatuna budi kuuliza. Ziwa letu Tanganyika ni zuri machoni, lakini mji wetu umejulikana tangu zamani kwa kipindupindu. Afungaye kwa maji hunywa mengi kuliko siku nyingine. Akiyateka ziwani au mtoni Lukuga na kuyanywa hivi hivi, aweza kujitafutia ugonjwa ambao hata mtu aliyeshiba humwangusha kwa saa chache. Basi maji ya mfungo yachemshwe au yatiwe dawa, kisha yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Na mwenye kuanza kuhara asiseme, “Nitavumilia mpaka mfungo uishe.” Mfungo wake umekwisha saa ile ile, anywe maji ya chumvi na sukari, akimbizwe kwenye kituo cha afya.

Hatari ya sahani ya kwanza

Wengi hudhani hatari yote iko katika kufunga. La, nyingine iko katika kufungua. Baada ya vita vya pili vya dunia, wafungwa waliokuwa wamekonda kwa njaa walifunguliwa na kupewa chakula tele, na baadhi yao walikufa. Sababu yake sasa yajulikana. Chakula kingi kikiingia ghafula, chumvi muhimu za damu, kama fosfati na potasi, hukimbilia ndani ya chembe za mwili, na moyo huachwa bila msaada wake.

Mtu aliyefunga siku moja na ale mlo wake wa kawaida, pasipo pupa. Bali aliyekaa siku tano au zaidi bila chakula asikimbilie bukari na sombe sahani tele. Aende kwanza kwa mganga wa hospitali, na aanze kidogo kidogo: uji mwepesi, kisha chakula laini, akiongeza siku kwa siku. Na tuseme wazi: hakuna mtu yeyote anayepaswa kuanza mfungo mrefu hivyo bila daktari kumpima na kumwangalia.

Kanisa halidai mtu aanguke

Wazee wetu wakumbuka zamani ambapo hata tone la maji tangu usiku wa manane lilimzuia mtu kupokea Komunyo. Watu walitembea mwendo mrefu mpaka misioni, koo kavu. Mwaka 1953 Papa Pius XII aliamuru kwamba maji hayavunji mfungo wa Komunyo, akiwafikiria pia watu wa nchi za misioni na safari zao ndefu. Mwaka 1957 mfungo ule ukawa wa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya wa saa moja. Katika mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, Kanisa laruhusu mlo mmoja kamili, na chakula kidogo asubuhi na jioni. Sheria hiyo yawabana wenye miaka 18 hadi 59, wala haiwabani wagonjwa.

Kijana wetu alitutilia shaka kidogo: “Lakini Mwalimu, Bwana Yesu hakufunga siku arobaini?” Naam, mwanangu, alifunga. Alikwenda jangwani, akaacha shughuli zote, hakupakua mashua. Tena Injili haifichi kwamba mwishowe aliona njaa. Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu chake cha mwaka 1609, ashauri kiasi katika kufunga, akitoa mfano wa kulungu: hakimbii vizuri akinenepa mno, wala akikonda mno.

Jirani zetu Waislamu nao wanalo fundisho kama hilo, maana mgonjwa na msafiri huruhusiwa kuahirisha mfungo. Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 iliangukia mwezi wa Ramadhani. Mwislamu Moe Sbihi, mpiga kasia wa Uingereza, aliahirisha mfungo wake, akagharimia chakula cha maskini nchini Moroko. Hakuacha dini yake, wala hakuwaangusha wenzake ndani ya mtumbwi.

Mashauri yetu

Basi, vijana, tunawashauri hivi. Kwanza, chagueni siku ya mfungo ambayo si ya kazi nzito. Na mwenye mzigo ambao hawezi kuukwepa, afunge kwa namna nyingine: anyime ulimi wake pombe, sigara au maneno mabaya. Pili, siku ya mfungo acheni vyuma vilale. Kutembea na kunyosha viungo kwatosha. Tatu, siku ya kwanza baada ya mfungo msijaribu kuongeza uzito. Kuleni vema, laleni vema, kisha rudini polepole. Nne, kizunguzungu, moyo kwenda mbio au giza la macho ni amri ya kuacha. Keti, kunywa uji wenye sukari na chumvi kidogo, na ule. Tano, mama mwenye mimba au anayenyonyesha, mtoto, mzee dhaifu, mwenye kisukari na kila anayetumia dawa za kila siku wasijaribu mfungo wa maji.

Nanyi wazazi, msisahau kwamba katika nyumba nyingi za mji wetu watu hula mara moja kwa siku, si kwa kupenda. Mtoto wa nyumba hiyo amekwisha kufunga. Msimtwike mfungo mwingine, wala msimsifu anapokonda.

Kijana wetu amepona. Ijumaa Kuu alifunga pamoja na mama yake: mlo mmoja wa ndagaa na bukari, na maji yaliyochemshwa. Bomba lake lililala nyuma ya nyumba kutwa nzima, na chakula kilichobaki alikipeleka kwa mzee mmoja jirani. Baada ya Pasaka alirudi kwenye vyuma akiwa na makopo madogo kuliko ya kwanza, na rafiki zake wakamcheka. Hakuwajibu neno. Asubuhi yake tulimwona tena juu ya ubao wa mashua, gunia begani, akipita taratibu.