Shahada ya siasa: mtaji wake unarudi lini?

TABORA. Karne ya 19, msafara ulioingia mjini hapa kutoka pwani mara nyingi ulibeba bidhaa za mkopo. Tippu Tip alikopeshwa na Taria Topan wa Unguja, na deni lilisubiri pembe zishuke. Mzazi wa Tabora anayempeleka mtoto kusomea sayansi ya siasa anapiga hesabu ya namna ile ile.

Mkopeshaji sasa ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004. Marekebisho ya 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Tuchukue deni la Sh. 8,400,000 na mshahara wa Sh. 700,000. Makato ni Sh. 105,000 kwa mwezi, na deni linakwisha kwa miezi 80. Kabla ya 2021 ingekuwa ndefu zaidi: tozo ya kulinda thamani, asilimia 6 kwa mwaka, ingemeza Sh. 42,000 katika makato ya kwanza. Tozo hiyo imefutwa.

Hatari iliyobaki ni kusubiri ajira. Mhandisi na mhasibu wana bodi za taaluma zao. Msomi wa siasa hana, naye hugombea nafasi za Sekretarieti ya Ajira pamoja na wahitimu wa utawala na sheria. Akikaa miaka mitatu bila kazi, amekosa mishahara ya Sh. 25,200,000, mara tatu ya deni lenyewe. Mwenye ghala la asali anaweza kumshikisha vitabu vya hesabu miaka hiyo. Mzazi anayeishi kwa mshahara hana pa kumweka.