Nani Anywe Kwanza? Ziwa Tshangalele Kati ya Mgodi, Mgeni na Mkaaji



Sisi tunaoabudu Likasi tuna desturi moja. Mgeni akifika kutoka Goma, Bukavu, Uvira au Kalemie, tunamwekea mezani bukari na samaki wa Kapolowe. Samaki huyo anatoka Ziwa Tshangalele, mashariki ya mji wetu. Ninyi mnaoishi kando ya Tanganyika au Kivu mtaliona ziwa letu kuwa dogo. Lakini swali lake mnalijua. Mji unapokua na wageni wanapopenda ukingo wa maji, mkaaji aliyekuwapo tangu zamani anabaki wapi? Huko kwenu wengi wameona njia ya kuteremka ziwani ikizibwa na ukuta wa hoteli au wa nyumba kubwa. Hapa kwetu ukuta bado ni mdogo. Ndiyo sababu tunaona inafaa kusema sasa.

Ziwa lilivyozaliwa

Tshangalele si ziwa la asili. Wakati mji wetu ulipokuwa mji wa kampuni, Union Minière du Haut-Katanga ilihitaji umeme kwa viwanda vya shaba. Mto Lufira ukazibwa pale Mwadingusha, na mwaka 1930 mitambo ikaanza kutoa umeme. Nyuma ya ukuta ule bonde likajaa maji. Miaka iliyofuata mji ulijulikana kwa jina la Jadotville, mpaka ulipoitwa Likasi mwaka 1966.

Ziwa lina kina kifupi, nalo lilifaa tilapia na kambale. Ndege wa majini wakaja, na vijiji vya wavuvi vikakua ukingoni. Mwaka 1982 UNESCO iliandika eneo la Lufira kati ya hifadhi zake za biosfera, yaani mahali ambapo watu na viumbe wengine wanapaswa kuishi pamoja bila mmoja kummaliza mwingine.

Hivyo ziwa hili lina watu wa namna tatu wanaolitegemea. Kiwanda kinataka umeme wake. Mkaaji anataka samaki, maji na udongo wa kando anaolima kiangazi maji yanaporudi nyuma. Mgeni wa mwisho wa juma, anayetoka Lubumbashi au Likasi, anataka upepo, mtumbwi na samaki wa kuchoma. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mwovu kwa kutaka hivyo. Tatizo linaanza tunapouliza nani anywe kwanza.

Kukua kunakoshuka na maji

Mitambo ya Mwadingusha ilichakaa kwa miaka mingi. SNEL pamoja na kampuni ya Ivanhoe waliitengeneza upya, na mwaka 2021 ikarudi na nguvu ya megawati 78, ili kusaidia mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi. Ni kazi nzuri, na nchi inaihitaji. Lakini mtu akisimama usiku katika vijiji vingi vya kandokando, anaona nyaya kubwa zikipita juu ya nyumba zinazowasha koroboi.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Mito ya Panda na Buluo hupita upande wa Likasi na viwanda vyake, kisha maji yake huelekea Lufira na ziwa. Kwa karibu miaka mia moja, maji hayo yamechukua mabaki ya shaba, kobalti na madini mengine. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakaaji wa kusini mwa Katanga. Waliona kobalti nyingi sana, hasa kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Watafiti wengine waliofuata walipima samaki wa Tshangalele na mboga za bustani, wakakuta madini humo pia. Kwa watoto, vumbi wanalolimeza wakicheza chini ni njia nyingine kubwa.

Hatusemi kwamba kila samaki wa Kapolowe ni sumu. Tunasema yale yanayojulikana. Madini ya namna hii hayatoki kwa kupika wala kwa kukausha. Hukusanyika zaidi katika ini, figo na matamvua kuliko katika nyama. Basi ni vizuri kuondoa matumbo yote, kuosha mboga kwa maji safi ili vumbi litoke, na kunawisha watoto mikono kabla ya kula. Hayo ni ya jikoni. Mambo makubwa ni ya kiwandani, na hayatatatuliwa na mama mwenye sufuria.

Hapa tunapaswa kukiri jambo. Makanisa yetu ya Likasi yamenyamaza kwa muda mrefu, na tunajua kwa nini. Katika benchi moja la Jumapili anakaa mfanyakazi wa kiwanda, nyuma yake mfanyabiashara wa madini, na pembeni mama anayeuza samaki sokoni. Tukisema juu ya maji machafu, wa kwanza anaogopa kazi yake. Na mama naye anatuuliza: mkitangaza kwamba samaki ana madini, nani atanunua, na watoto wangu watasoma kwa makuta gani? Swali lake ni la haki. Anayechafua maji hapati hasara. Mvuvi ndiye anayeipata, mara ya kwanza mwilini na mara ya pili sokoni. Kwa hiyo kusema ukweli bila kudai maji yasafishwe ni kumwongezea maskini mzigo.

Mgeni analeta nini, anachukua nini

Wengine wanasema: basi tuache uvuvi, tulete watalii. Uzuri tunao. Ziwa lipo, ndege wapo, na mbele zaidi kuna mbuga ya Kundelungu na maporomoko marefu ya Lofoi. Mgeni analeta franga, na franga hiyo inaweza kumfikia mwenye mtumbwi, mpishi, mlinzi na kijana anayejua majina ya ndege.

Lakini tuangalie jinsi mambo yanavyokwenda kama hakuna mpango. Mtu wa mjini anakuja na pesa, anataka kiwanja kando ya maji. Familia ina mgonjwa, au ada ya shule imekawia, basi inauza. Pesa inaisha kabla ya mwaka kwisha. Kiwanja kinazungushiwa ukuta, na pale palikuwa bandari ya mitumbwi ya mtaa mzima. Aliyeuza ni mmoja, waliopoteza ni wengi.

Tena mara nyingi pande zote mbili hazijui sheria. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo wa Kongo ni mali ya serikali. Karatasi iliyotiwa mhuri na chifu haitoshi. Haki ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha uandikishaji. Mnunuzi anaweza kufukuzwa baadaye, na muuzaji hawezi kurudishiwa bandari yake. Mambo ya namna hii ndiyo yanayoleta chuki kati ya mwenyeji na mgeni.

Wengine walifanyaje

Ndugu zetu wa pwani ya Kenya walikutana na swali hili mapema kuliko sisi. Huko Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi, wavuvi waliona samaki wanapungua. Mwaka 2005 wakaamua wenyewe kutenga sehemu ya bahari, kama hekta 30, isivuliwe kabisa. Wengi walinung'unika. Polepole samaki walirudi, wakatoka nje ya sehemu ile na kuingia katika nyavu za wavuvi, na wageni wakaanza kuja kuona matumbawe. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa tuzo la Equator la Umoja wa Mataifa.

Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, wakaaji wanatunza mikoko. Tangu mwaka 2013 mradi wao, Mikoko Pamoja, unauza nje haki za hewa ya ukaa, na mapato yanasaidia maji na shule za vijiji. Wanawake wa Gazi nao wana njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na mgeni anayetaka kutembea juu yake anawalipa wao.

Mambo mawili yanafanana katika mifano hii. Wakaaji waliamua kwanza, mgeni akaja baadaye na kukuta sheria zipo. Na mapato yalifika mahali ambapo kila mtu anaona: bomba la maji, darasa, kazi ya mama. Sisi pia tuna mwanzo wa hekima hii. Wavuvi wetu wanajua miezi ambayo samaki wanazaa na uvuvi hufungwa, na wanajua kwamba chandarua cha mbu kikigeuzwa wavu kinamaliza hata watoto wa samaki. Kinachokosekana si ujuzi. Wanakosa meza ya kukaa pamoja, na chakula cha kuwavusha miezi ile.

Haki iliyoandikwa

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya ushuru wa madini iende kwa mji, komini, sekta au chefferie mahali mgodi ulipo. Tena kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na kuandikiana na wakaaji hati ya ahadi zake. Ni sheria nzuri. Lakini ina shida kwa watu wa ziwa: fedha hubaki pale mgodi ulipo, wakati maji yanaendelea kushuka. Kijiji cha wavuvi kilicho chini hakina mgodi, basi kinaweza kupata uchafu bila kupata fungu. Jambo hili tunaweza kulipeleka mbele ya viongozi wa jimbo bila matusi na bila woga.

Kazi ya makusanyiko

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawasema kondoo wanono. Hawakulaumiwa kwa sababu walikunywa. Walilaumiwa kwa sababu walikunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, na wenzao wakabaki na matope. Hicho ndicho kipimo tunachopenda kuwaachia. Mradi wowote ukifika kwenu, wa mgodi, hoteli au bandari, msiulize tu utaleta kazi ngapi. Ulizeni maji yatakuwaje kwa mtu wa mwisho anayeyachota.

Mchungaji anaweza kuwaalika pamoja wavuvi, wamama wa soko, wafanyakazi wa kiwanda na chifu, wakae siku moja na kuandika mambo matatu: bandari ambayo haitauzwa kamwe, njia ya kuteremka majini itakayobaki wazi kwa wote, na kazi ambazo mgeni atawapa wakaaji kwanza. Vijana waliosoma wanaweza kuomba vipimo vya maji na kuvisoma kanisani kwa lugha ya nyumbani. Na sisi wa mjini, tunaokula samaki na kuwasha taa, tusiseme tena kwamba ziwa ni habari ya watu wa Kapolowe.

Mkija Likasi bado tutawawekea bukari na samaki. Tunaomba tu siku ifike ambapo tutawawekea bila wasiwasi, na aliyemvua akiwa amekula na kunywa kabla yetu.