Theluji haizuii kuharisha

MTANGAZAJI: Ndugu wakimbizi, mlio kambini na sisi wa hapa Nsambya, mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, uchafu wa mitaro na vyoo huingia kwenye chemchemi, na watoto huharisha.

Wengi tunangoja safari ya Kanada au Marekani, tukiota theluji. Tunadhani kwenye baridi hakuna kuharisha. Sivyo. Huko norovirusi, kirusi cha kutapika na kuharisha, huenea zaidi majira ya baridi, watu wakijifungia ndani. Dawa ya mikono yenye alkoholi haitoshi. Kinga ni maji na sabuni, kabla ya kupika na kula, na baada ya choo.

Basi tuzoee hapa hapa. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote. Mtoto akiharisha na huna pakiti ya ORS, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, visivyojaa kupita ukingo. Mpe kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Akiharisha damu, macho yakiingia ndani au akishindwa kunywa, mkimbize kituo cha afya. Usingoje kesho.