Ganzi Ikiisha, Maumivu Huamka

Mtoto aliyepasuliwa ngiri akirudishwa wodini ametulia, wengi wetu hudhani maumivu yamekwisha. La hasha. Mara nyingi, akiwa tayari amelazwa kwa dawa ya usingizi, huchomwa pia sindano ya ganzi mwishoni mwa uti wa mgongo, juu kidogo ya matako. Ganzi hiyo huzuia mishipa ya fahamu isipeleke maumivu kwenye ubongo kwa saa 4 hadi 6 hivi. Miguu yaweza kulegea kwa muda. Huko si kupooza, lakini tusimwache asimame peke yake, wala tusimwekee chupa ya maji ya moto: hatasikia akiungua. Ulegevu ukiendelea hadi kesho yake, tumrudishe hospitali.

Tusingoje alie. Parasetamoli apewe kabla ganzi haijaisha, kisha kila baada ya saa 6, kwa kipimo cha uzito wake alichoandika daktari. Aspirini asipewe. Tunaotoka Bugando kurudi Ukerewe kwa meli tuulize mapema ganzi itaisha saa ngapi, isije ikaishia katikati ya ziwa na dawa imefungwa mizigoni. Na mtoto mchanga anayekunja uso na kukataa kunyonya, hata akiwa kimya, huenda anaumwa.