Kompyuta Sebuleni: Sinema ya Nyumbani na Kufuli Zake

Kompyuta ya mezani iliyokwisha fanya kazi ya ofisi kwa miaka minane au tisa aghalabu huuzwa kwa bei ndogo, au husukumwa katika pembe ya stoo na kufunikwa vumbi. Kwa mhandisi au mtu wa takwimu mashine hiyo imechakaa. Kwa kazi ya kuonyesha filamu sebuleni, hata hivyo, nguvu zake bado zatosha. Ikiunganishwa kwa waya mmoja na televisheni, na kwa waya mwingine na kikuza sauti chenye spika zake, hugeuka kuwa jumba dogo la sinema: husoma diski, huhifadhi picha za arusi na za watoto, hupokea matangazo ya televisheni kwa kifaa kidogo kinachochomekwa ubavuni, na hurekodi kipindi wakati wenye nyumba wamelala.

Wazo hili lina umri wake. Mwaka 2002 kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la Windows XP lililokusudiwa sebule, lenye rimoti yake na maandishi makubwa, kwa kuwa mtazamaji hukaa mita tatu kutoka kwenye kioo na wala si nusu mita kama karani mezani pake. Mwaka huohuo Isaac Richards wa Marekani alianzisha MythTV, programu ya kurekodi na kuonyesha televisheni ambayo mtu yeyote angeweza kuichukua bure na kuirekebisha. Wakati huohuo wapenzi wa mashine ya michezo iitwayo Xbox waliifungua na kuifundisha kuonyesha filamu. Programu yao, iliyojulikana kwa miaka mingi kama XBMC, tangu 2014 inaitwa Kodi. Kati ya hizo tatu, iliyokuwa na fedha nyingi nyuma yake ndiyo iliyotangulia kufa: mwaka 2015 Microsoft ilitangaza kwamba Windows 10 haitakuwa na sehemu hiyo. Zile mbili za watu wa kujitolea zingali hai.

Kazi ya mashine hii yaweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Picha moja ya kiwango cha diski ya Blu-ray ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa kwa wastani wa biti 12, na picha 24 zikipita kila sekunde, zinahitajika karibu megabiti 600 kwa sekunde. Diski yenyewe haitoi zaidi ya megabiti 40 kwa ajili ya picha. Kwa hiyo picha imebanwa mara kumi na tano au zaidi kabla ya kuandikwa. Ubanaji huo hutegemea ukweli kwamba picha moja hufanana sana na iliyoitangulia. Ukuta ulio nyuma ya mwigizaji haubadiliki. Inatosha kuandika kwamba mkono wake umesogea na mdomo umefunguka. Kuikunjua upya picha iliyobanwa hivyo ni hesabu nzito, na ndiyo sababu watengenezaji wa vipande vya elektroniki huweka ndani yake sakiti ya pekee isiyofanya kazi nyingine yoyote.

Nguvu ya sakiti hiyo ilidhihirika mwaka 2012, ilipotokea kompyuta ndogo ya Kiingereza iitwayo Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kadi ya benki, ambayo moja ya matoleo yake ya mwanzo iliuzwa dola 35. Prosesa yake ilikuwa dhaifu mno, lakini ilionyesha filamu za nukta 1080 bila kusita, kwa sababu kazi yote ilifanywa na sakiti ya kukunjua. Anayenunua kompyuta iliyokwisha tumika basi asiulize kasi yake peke yake. Aulize sakiti yake inazijua kanuni zipi za kubana: ile ya H.264 iliyokamilishwa mwaka 2003, au pia ile ya HEVC ya mwaka 2013. Mashine isiyoijua kanuni ya pili italazimika kuikunjua filamu kwa nguvu za prosesa tupu. Itapata joto, feni itavuma katikati ya onyesho la minong'ono, na picha itakwama. Vumbi likiwa limeziba matundu, mambo huwa mabaya zaidi. Na mahali ambapo umeme hukatika ghafula, betri ndogo ya akiba huikinga diski inayohifadhi filamu.

Lakini kinachowasumbua watazamaji wenye macho makali kuliko nguvu za mashine ni hesabu ya wakati. Tangu filamu zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, majumba ya sinema yamekuwa yakionyesha picha 24 kila sekunde. Televisheni ilifuata umeme. Marekani, ambako mkondo wa umeme hugeuka mara 60 kwa sekunde, kioo nacho kilichorwa upya mara 60. Ulaya na Afrika Mashariki, mara 50. Namba 24 haingii sawasawa katika yoyote kati ya hizo. Katika nchi za 50, dawa iliyotumika ilikuwa kuiharakisha filamu mpaka picha 25 kwa sekunde. Filamu ya dakika 100 ilikwisha kwa dakika 96, na sauti za waigizaji zilipanda kwa kiasi kisichofika nusu toni. Watu wengi waliolelewa na televisheni za aina hiyo wamewasikia waigizaji mashuhuri kwa sauti zisizo zao hasa, wala wasishuku lolote.

Katika nchi za 60 dawa ilikuwa nyingine. Sitini kugawanya kwa ishirini na nne ni mbili na nusu, na kwa kuwa kioo hakiwezi kuchora nusu ya picha, picha moja ilionyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, kisha mbili, kisha tatu. Mtu akiongea ameketi, hakuna dosari inayoonekana. Kamera ikisogea polepole kando ya safu ya miti au ukuta mrefu, miti hiyo huenda kwa kushtukashtuka kama gari la moshi linaloanza safari.

Hapa ndipo kompyuta ilipoipita mashine ya kawaida ya diski. Inaweza kuisoma filamu, ikatambua mwendo wake, na kuiamuru televisheni ibadili mwendo wa kuchora ili ulingane na filamu: mara 24 kwa filamu ya sinema, mara 50 kwa mpira uliorekodiwa. Wanaotumia Kodi huweka amri hiyo mara moja tu, nao hawaigusi tena.

Hata hivyo, hesabu haikuishia hapo. Televisheni ya rangi ilipopitishwa Marekani mwaka 1953, mwendo wake ulipunguzwa kwa sehemu moja kati ya elfu, ili rangi na sauti zisigongane hewani. Punguzo hilo likarithiwa na filamu zilizotiwa katika diski, ambazo nyingi huenda kwa picha 23.976 kila sekunde. Tofauti yaonekana kama mzaha. Lakini mashine ikichora mara 24 kamili, kila baada ya sekunde 42 hivi hupungukiwa na picha moja, na hulazimika kuirudia iliyotangulia. Prosesa za Intel za mwaka 2011, zilizojulikana kwa jina la Sandy Bridge, zilikuwa na dosari ya namna hiyo, na zile zilizoitwa Haswell, za mwaka 2013, ndizo zilizoimaliza. Watazamaji wengi hawakuona chochote. Waliokwisha kuiona mara moja hawakuweza tena kutoiona, na filamu za saa mbili ziliwapita wakisubiri mshtuko unaofuata.

Upande wa sauti, muungano wa kimataifa wa mawasiliano ulichapisha vipimo mwaka 1998: mtazamaji huanza kutambua kasoro sauti ikitangulia picha kwa takriban elfu 45 za sekunde, lakini ikichelewa humstahimilia mpaka karibu elfu 125. Sababu si ngumu kuielewa. Mwanga huenda kasi kuliko sauti, na aliyezoea kumwona mpasua kuni wa mbali akishusha shoka kabla ya kusikia kishindo hashangazwi na sauti inayochelewa. Inayotangulia ndiyo isiyopatikana katika maumbile. Kwa bahati mbaya televisheni za kisasa huishikilia picha kwa muda ili kuipamba, na sauti iliyopelekwa moja kwa moja kwenye kikuza sauti hufika mbele. Kompyuta huweza kuambiwa iicheleweshe sauti kwa idadi kamili ya elfu za sekunde.

Katika mambo hayo yote mashine humtii mwenyewe. Liko jambo moja ambalo ndani yake humtii mtu mwingine.

Diski za DVD zilifungwa kwa kufuli ya tarakimu tangu zilipoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1990. Funguo zilipewa watengenezaji waliotia sahihi mkataba na kulipa. Mtu mwenye kompyuta ya Linux, ambayo haikuwa na mkataba huo, aliweza kununua diski dukani kwa fedha yake halali asiweze kuitazama. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, mwenye umri wa miaka 15, akishirikiana na wengine, alitoa programu ya kufungua kufuli hiyo. Alishtakiwa. Mahakama ya Oslo ilimwachia huru Januari 2003, na ile ya rufaa ikafanya hivyo Desemba ya mwaka huohuo, kwa hoja kwamba mtu anayo haki ya kuifikia diski aliyoinunua.

Wenye filamu nao hawakuwa na hoja tupu. Nakala ya tarakimu haichakai, na ya elfu moja ni sawa na ya kwanza. Waigizaji na watunzi wa Afrika Mashariki wanaijua vyema hasara ya diski za wizi. Hivyo diski za nukta maradufu zilipotolewa mwaka 2016, kufuli yake ilikuwa nzito zaidi. Ili kompyuta izionyeshe kwa njia halali, prosesa yake ilipasa kuwa na chumba cha siri kilichoitwa SGX, ambamo hata mwenye kompyuta hawezi kuchungulia. Televisheni nayo ilipasa kuthibitisha kufuli yake. Huduma za filamu za intaneti pia huuliza maswali ya namna hiyo kabla ya kutoa picha yao bora.

Yafaa kuuliza kinachokosekana ni kikubwa kiasi gani. Jicho zima hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu ya sitini ya digrii. Katika televisheni ya inchi 40, nukta za kiwango cha 1080 huachana kwa nusu milimita kasoro kidogo, na aliyeketi zaidi ya mita moja na sehemu sita hawezi kuzitenganisha. Wengi huketi mita tatu. Tofauti wanayoiona katika diski mpya hutokana na rangi na mwanga kuliko wingi wa nukta.

Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba chumba cha SGX kilikuwa na ufa, na kila kilipozibwa ulionekana mwingine. Intel ilikiondoa katika prosesa zake za kompyuta za mezani kuanzia zile za 2021, ikakibakiza katika za mitambo mikubwa. Kwa uamuzi huo, aliyenunua kompyuta mpya na ya gharama kubwa alikuta haiwezi kuonyesha kihalali diski alizokwisha kuzilipia, ilhali ile ya 2017 aliyokuwa akitaka kuiuza ilizionyesha. Watengenezaji wa programu ya kuonyesha diski hizo waliwashauri wateja wao waendelee kutumia prosesa za zamani.