Pikapu imekaa kitako? Badilisha springi kabla ya msimu

Leo tuache mbegu, tuongelee usafiri.

Msimu uliopita nilitoka Mkalama na vitunguu kwenye pikapu niliyoinua kwa ajili ya makorongo. Nyuma ilikuwa imelala. Fundi akaniambia niongeze jani moja tu, nikaona nimeokoa hela. Njiani jani la zamani likakatika, tukalala porini, mvua ikanyesha. Vitunguu vilivyolowa, mnajua bei yake. Rahisi ni ghali.

Haya ndiyo ninayofanya sasa:

1. Gari likiwa tupu, sehemu tambarare, pima toka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Andika. Kikipungua, springi imechoka.
2. Badilisha pande zote mbili pamoja, na yubolti mpya. Mwambie muuza spea uzito unaobeba kila siku.
3. Jeki peke yake haitoshi. Weka stendi chini ya chasisi, na ekseli ishikwe na jeki nyingine.
4. Bolti za kwenye bushi zikazwe mwisho gari likisimama kwa matairi yake, la sivyo raba zinajipinda na kuchanika.
5. Angalia mpira wa breki usivutike. Baada ya safari chache, kaza yubolti tena.

Na kumbuka: kuinua gari hakuongezi uzito linaoruhusiwa kubeba. Ukizidisha gunia, hata springi mpya italala.

Wewe yako umepima lini?