Kujenga ni Mwaka Mmoja, Kutunza ni Miaka Yote

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa Wenye Heri Mapadre Luigi Carrara na Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin, na Padre Albert Joubert. Watatu wa kwanza walikuwa Wamisionari Waksaveri waliotoka Italia. Wa nne alikuwa mwana wa Kapteni Joubert na mama Mwafrika, mzaliwa wa nchi ya Moba, kando ya ziwa letu la Tanganyika. Wote wanne waliuawa siku moja, tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi ya Simba: wawili Baraka na wawili Fizi.

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 siku ile, leo ni mzee aliyepita miaka 70. Kila mwaka twawazika wazee wetu, na kila mzee azikwaye huenda na habari ambazo hakuna daftari lililoziandika. Tena nchi yetu imeona mengine baada ya hayo. Vita ya mwaka 1996 na ile ya 1998 viliwavusha ndugu zetu wengi hadi Kigoma na kambi ya Nyarugusu; nao walipoanza kurudi kwa meli hadi Baraka mwaka 2005, wengi hawakukuta nyumba walizoziacha, sembuse picha, barua na vyeti vya ubatizo.

Kwa hiyo ni haki mtu wa Fizi au wa Baraka kutamani nyumba ya makumbusho: mahali padogo, palipo wazi kwa watu wote, ambapo picha za Wenye Heri zingekaa karibu na jembe la babu, ngoma, mtumbwi na wavu wa dagaa, na maneno ya wazee yaliyoandikwa ili watoto wa shule wayasome. Hatusemi hapa kwamba jambo hilo halifai. Twasema tu kwamba kabla ya tofali la kwanza kuna swali ambalo halina budi kujibiwa: nani atamlipa mlinzi mwezi wa kumi na tatu?

MTU WA MNARA

Bwana wetu aliwapa wasikilizaji wake mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na wapitao. Mfano huu wajulikana na kila mwana wa katekisimu. Lakini wengi wetu twauelewa nusu tu. Twahesabu matofali, mabati na misumari, kisha twasema hesabu imekwisha. Kumbe makumbusho si mnara. Mnara ukisha kusimama, kazi imekwisha. Makumbusho yakisha kufunguliwa, ndipo kazi inapoanza.

Baraza la Makumbusho la Kimataifa, lilipokutana mjini Prague mwezi wa Agosti 2022, liliandika upya maana ya neno makumbusho. Katika maneno hayo mna mambo mawili yanayotuhusu sana: kwamba makumbusho hayatafuti faida, na kwamba ni ya kudumu. Tuyaweke mambo hayo mawili pamoja tuone uzito wake. Kitu kisichotafuta faida, ambacho hata hivyo chapaswa kudumu, lazima kiwe na watu walioahidi kukibeba mwaka hata mwaka. Bila ahadi hiyo, jina ni makumbusho, lakini kitu chenyewe ni ghala linalongoja mchwa.

ZAWADI KUBWA NA GHARAMA NDOGO

Mji mkuu wetu Kinshasa ulifungua Makumbusho ya Taifa mwezi wa Novemba 2019. Jengo hilo zuri lilitokana na msaada wa Korea Kusini, wa kiasi cha dola milioni 21. Twashukuru. Lakini zawadi kama hiyo hujenga kuta tu. Umeme, mishahara na dawa ya wadudu hudai fedha mwaka hata mwaka, na mgeni aliyejenga hakai mlangoni akilipa.

Tena tukumbuke habari ya zamani zaidi. Kati ya mwaka 1976 na 1982, makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji yalirudisha Kinshasa vitu 114. Miaka ya tisini ilipofika, nchi ikatetemeka, na vitu vingi katika hivyo vikaibwa au vikapotea. Vingine vikaonekana tena katika biashara ya nje. Hatutaki kumhukumu mtu. Lakini kila mwenye akili aweza kujiuliza: mlinzi asiyepata mshahara kwa miezi mingi, amewekwa kulinda nini, na kwa nguvu gani? Kufuli ya kwanza ya makumbusho ni mshahara wa mlinzi ulipwao kwa wakati wake.

MFANO WA BUJORA

Sasa tuvuke ziwa kwa mawazo, twende Tanzania, karibu kilometa 20 kutoka Mwanza. Pale Bujora pana parokia iliyoanzishwa katika miaka ya hamsini na Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada. Padre huyo aliwakusanya wazee wa Kisukuma, na pamoja nao akahifadhi ngoma, vyombo vya watemi, dawa na desturi. Kanisa lenyewe lilijengwa kwa mfano wa nyumba ya mviringo ya Kisukuma. Hivyo yakazaliwa Makumbusho ya Wasukuma.

Jambo la kuigwa Bujora si majengo. Jambo la kuigwa ni kwamba makumbusho yale yalifungamanishwa na maisha ya watu. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu, hufanyika sherehe iitwayo Bulabo, na vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana mbele ya umati. Mtu ajaye kutazama ngoma huyaona na makumbusho. Hivyo makumbusho yana siku yake katika mwaka, na watu wanaijua. Sisi nasi tunayo tarehe 28 Novemba. Siku hiyo haikuchaguliwa na kamati. Iliandikwa kwa damu.

MAKISIO NI NINI?

Makisio ya fedha ni karatasi moja yenye safu mbili: itakayotoka, na itakayoingia, kwa miezi 12. Mwenye busara huanza na ile itakayotoka, kwa kuwa hiyo haina huruma. Tuchukue mfano wa kuhesabia tu, katika dola, kwa kuwa kwetu dola hutembea pamoja na faranga.

Mlinzi alipwe dola 60 kwa mwezi, na mtunzaji dola 80: kwa mwaka ni dola 1,680. Bati, chokaa na dawa ya mchwa, dola 240. Madaftari, vitabu vya stakabadhi na taa, dola 120. Safari na vyombo vya kazi, dola 160. Jumla ni dola 2,200. Tuongeze sehemu moja ya kumi kwa mambo yasiyotazamiwa, yaani dola 220. Itakayotoka ni dola 2,420.

Sasa itakayoingia. Wageni wazima 600, kila mmoja nusu dola, ni dola 300. Wanafunzi waingie bure. Mashirika 30 ya parokia, kila moja dola 2 kwa mwezi, ni dola 720. Sadaka ya siku ya kumbukumbu, dola 400. Ndugu 20 walio mbali, kila mmoja dola 25 kwa mwaka, ni dola 500. Mikeka, vikapu na vijitabu vitakavyouzwa, faida yake dola 200. Jumla ni dola 2,120. Upungufu ni dola 300.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Huandika kwa wino mzuri: “Msaada wa wafadhili, dola 300”, na kumbe hakuna mfadhili aliyesema neno. Hayo si makisio, ni ndoto iliyopigwa mstari. Fedha isiyoahidiwa na mtu anayejulikana isiandikwe. Ni afadhali kufungua siku nne kwa juma badala ya sita, ili mtunzaji apate muda wa kulima na mshahara wake upatane na saa zake, kuliko kumwahidi mshahara mzima usiokuwapo. Kumnyima mtenda kazi ujira wake ni dhambi inayomlilia Mungu, hata kama kazi yenyewe ni takatifu.

Jambo la pili: miezi hailingani. Mvua ikiharibu barabara ya Uvira, wageni hupungua, lakini mlinzi ala kila siku. Tena usalama ukivurugika, kama tulivyoona mara nyingi katika Kivu, mlango waweza kufungwa kwa majuma mengi. Kwa hiyo akiba ya gharama za miezi mitatu yapaswa kuwekwa kabla ya kununua hata kabati la kioo. Katika mfano wetu, akiba hiyo ni karibu dola 600. Nayo ikiguswa, irudishwe kabla ya jambo jingine.

Jambo la tatu: fedha ina jina. Mtu akitoa dola 200 akisema ni za paa, fedha hiyo haiwezi kumlipa mlinzi, hata kama mlinzi analia. Ipewe ukurasa wake katika daftari. Na tena kiwango cha kubadili dola kwa faranga kiandikwe siku ile ile, maana fedha nyingi hupotea katika kubadilisha bila mtu yeyote kuiba.

JINSI YA KUOMBA

Wengine wadhani kuchanga fedha ni kuandika barua ndefu Ulaya. Barua ziandikwe, lakini mgeni huuliza kwanza: ninyi wenyewe mmetoa nini? Kwa hiyo tuanze nyumbani. Shirika litoalo dola 2 kila mwezi ni nguzo imara kuliko tajiri mmoja atoaye 500 mara moja, kwa sababu tajiri akifa au akihama, nyumba huanguka pamoja naye. Asiye na fedha atoe siku ya salongo, atoe tofali, atoe kikapu cha mihogo kiuzwe sokoni. Mjane wa Injili alisifiwa kwa vipande viwili vya fedha. Lakini tusisahau kwamba alivitoa hadharani, katika sanduku lililojulikana na watu wote.

Wana wa Fizi walio Kigoma, Marekani na kwingineko, wengi wao hutuma fedha kwa simu. Basi namba ya kupokelea iandikishwe kwa jina la nyumba, si kwa jina la mtu. Na kila mtoaji apate majibu: jina lake, kiasi alichotoa, na kazi iliyofanyika. Mtu aliyeshukuriwa vema hutoa tena. Aliyesahauliwa hutoa mara moja tu.

Tena nyumba hii isiwe ya Wakatoliki peke yao. Mwislamu wa Ubwari, Mprotestanti wa Fizi, Mbembe na Mbuyu na Mfuliru na Mnyamulenge, kila mmoja ana wafu wake wa kukumbukwa. Mtu huchangia kwa moyo nyumba ambamo jina la mama yake halikusahauliwa.

VITABU VYA WAZI

Mpokea fedha asiwe ndiye mwandika daftari. Mwandika daftari asiwe ndiye mshika ufunguo wa sanduku. Fedha isitoke bila sahihi mbili. Kila kiingilio kiwe na stakabadhi yenye namba, na kipande chake kibaki kitabuni. Kila miezi mitatu hesabu isomwe mbele ya watu na kubandikwa mlangoni. Mambo haya hayatokani na kushukiana; hutokana na upendo, kwani humlinda hata mtunza fedha mwema na ulimi wa jirani.

Kitabu kingine ni cha vitu vyenyewe: namba ya kila kitu, aliyekitoa, siku, na kama amekitoa moja kwa moja au amekiazimisha. Kitu kisichoandikwa hupotea bila kishindo.

MBEGU ISILIWE

Itafika siku sanduku litakuwa tupu. Siku hiyo atakuja mtu mpole mwenye fedha mkononi, akitaka kinyago kimoja tu. Katika karne iliyopita vinyago na sanamu za Wabembe na Wabuyu ziliondoka kwa njia nyingi, na leo mjukuu wa mchongaji azitazama kwenye picha za makumbusho ya ng’ambo. Kuuza kitu kimoja ili kulipa mishahara ya mwezi mmoja ni kula mbegu wakati wa njaa: shibe ya jioni moja, na mwaka mzima bila mavuno. Na masalia ya Wenye Heri hayasemwi kabisa, maana sheria ya Kanisa yakataza masalia matakatifu yasiuzwe kamwe.

Basi, wasomaji wapenzi, anayetaka makumbusho Fizi au Baraka asianze na fundi. Aanze na watu 30 watakaotoa kidogo kila mwezi kwa mwaka mzima, kabla ya kuwapo ukuta wowote. Wakishindwa, hakuna kilichopotea, na fedha yao waweza kurudishiwa au kuwasomesha yatima. Wakiweza, watakuwa na akiba, daftari safi, na desturi ya uaminifu. Na kwa hao hata chumba kimoja cha udongo chenye kabati moja chatosha kuwa mwanzo. Wenye Heri wetu hawakutuachia majengo makubwa. Walituachia mfano wa watu walioahidi kukaa, wakakaa.